CHENJI YETU YA UMEME IKO WAPI?

Wapo watu wanaotaka neno "Escrow" lizikwe. Wasema mambo yale yamekwisha pita. Waliojiuzulu wamejiuzulu, walioshitakiwa wameshitakiwa, mitambo ya Tegeta imezimwa, na sasa tunalo bwawa kubwa la Rufiji. Basi, wasema, tuache kufukua makaburi.

Mimi nasema hapana. Maiti huzikwa, deni halizikwi. Na jambo la Tegeta halikuwa habari ya fedha kubebwa kwenye magunia tu, kama tulivyozoea kuisimulia vijiweni huku tukicheka. Lilikuwa jambo la hesabu. Hesabu hiyo haijafundishwa katika matawi yetu mpaka leo, na kwa kuwa haijafundishwa, hakuna kitakachozuia jambo lile lile lisitupate tena kwa jina jingine.

Ndugu mwanachama, hesabu yenyewe si ngumu. Darasa la tatu huifanya. Umekwenda dukani na noti ya shilingi elfu kumi, umenunua vitu vya elfu sita. Kinachobaki ni elfu nne, nayo ni yako. Haiwi ya mwenye duka kwa sababu ameishika. Haiwi ya mtoto wa mwenye duka kwa sababu amelinunua duka jana. Wala haiwi ya balozi wa nyumba kumi kwa sababu alikuwapo mlikuwa mkigombana. Ni yako, na mtu akiichukua unajua jina la kitendo hicho.

Sasa tuingie Tegeta.

Tarehe 26 Mei, 1995, TANESCO ilitia sahihi mkataba wa miaka ishirini na kampuni iitwayo IPTL. Nchi ilikuwa imeonja kiza. Mvua zilikuwa chache, mabwawa yalishuka, umeme ukawa wa mgawo. Mtu mwenye kiu haulizi bei ya maji, na wauza maji walilijua hilo. Wenye hisa wa IPTL walikuwa wawili: Mechmar ya Malaysia iliyokuwa na asilimia 70, na VIP Engineering ya hapa kwetu iliyokuwa na asilimia 30. Wakapatana kujenga mitambo ya mafuta mazito ya megawati 100 pale Tegeta, Dar es Salaam.

Lisikilizeni sharti lake. TANESCO haikuahidi kununua umeme tu. Iliahidi kulipa ada ya kila mwezi kwa sababu tu mitambo ipo tayari kufanya kazi, hata kama mwezi mzima haikutoa uniti moja. Hiyo ndiyo ada ya uwezo wa mitambo. Ni kama kukodi lori: likibeba mahindi utalipa, likilala uani utalipa, na mafuta ni juu yako. Siwalaumu wahandisi kwa ada ya namna hii. Iko katika mikataba ya umeme ya nchi nyingi, maana aliyekopa ili ajenge mtambo lazima arudishe mkopo wa watu, mvua inyeshe isinyeshe.

Lakini ada hiyo haitoki mbinguni. Hupigwa kwa kutazama mwenye mtambo ametia fedha kiasi gani kutoka mfukoni mwake, na amekopa kiasi gani. Fedha ya mfukoni hupewa faida kubwa, kwa kuwa mwenyewe amejitia hatarini. Fedha ya mkopo hupewa riba iliyo ndogo zaidi. Basi mtu akisema ametia mfukoni, kumbe amekopa, anamtoza mnunuzi faida ya ujasiri ambao hakuuonyesha. Shikeni hapo. Tegeta yote imesimama juu ya nukta hiyo moja.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya gharama ya ujenzi. TANESCO ilikataa, shauri likapelekwa kwa wasuluhishi wa kimataifa huko Washington, katika kile kituo cha migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Mwaka wa 2001 wakaamua: gharama ishuke, kutoka karibu dola milioni 150 hadi kama milioni 127. Wale waliotuambia kila siku kwamba mkataba hauguswi, waliona mkataba ukiguswa. Januari 2002 mitambo ikaanza kazi ya kibiashara, na watu wakadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Hesabu ya ada ilichukulia kwamba wenye hisa wametia asilimia 30 ya gharama yote, yaani dola zaidi ya milioni 38, na juu ya fedha hizo ikawekwa faida ya asilimia 22.31 kwa mwaka. TANESCO ikasema: subirini kwanza, mtaji wa hisa uliolipwa hasa ni shilingi 50,000. Soma tena, ndugu yangu, na uwasomee wale waliokaa nyuma. Shilingi elfu hamsini. Leo fedha hizo hazinunui baiskeli kuukuu. Zilizobaki, ilidai TANESCO, zilikuwa mkopo tu uliovalishwa kanzu ya mtaji, na kwa hiyo ada tuliyokuwa tukitozwa ilikuwa kubwa kuliko haki.

Ndipo tarehe 5 Julai, 2006, Serikali na IPTL wakatia sahihi mkataba wa akaunti ya amana, na Benki Kuu ikawa mshika amana. Hiyo ndiyo akaunti ambayo nchi nzima iliizoea kwa jina la Tegeta Escrow. Maana yake ni kitu ambacho wazee wetu wamekifanya tangu zamani bila kusoma sheria. Wewe wasema unanidai kumi. Mimi nasema wanidai sita. Tusipigane. Nitaweka fedha zenye ugomvi mkononi mwa mzee wa mtaa. Siku tutakapoamuliwa, mzee atakupa chako, na kilichozidi atanirudishia mimi.

Kilicho mkononi mwa mzee ni cha nani kabla ya kuamuliwa? Hakijawa chako, hakijawa changu. Nimelitaja jambo hili kwa sababu mwaka wa 2014, moto ulipowaka, wakubwa wa Serikali ya wakati ule walisimama na kusema: fedha zile si za umma, ni za IPTL. Na wengine upande wa pili wakapiga kelele: ni za umma zote, mpaka senti ya mwisho! Taifa likagawanyika kama washabiki wa Simba na Yanga, na wote wawili wakaikimbia hesabu. Jibu la kweli lilikuwa hili: sehemu yake huenda ni ya IPTL, sehemu yake ni kodi, na sehemu yake ni chenji ya TANESCO. Ni kiasi gani kila mmoja? Hilo ndilo lililowekewa amana. Asiyejua kiasi hana haki ya kufungua sanduku.

Na sanduku lilijazwa na nani? TANESCO haina shamba la fedha. Lilijazwa na kinyozi wa Manzese anayenunua luku ya elfu mbili akatumaini itafika jioni. Lilijazwa na mama mwenye mashine ya kusaga Kahama, na fundi wa kuchomelea Makambako. Kila uniti waliyoilipia ilikuwa na kipande cha Tegeta ndani yake. Hata mkulima asiye na waya nyumbani kwake hakupona, kwa maana TANESCO ilipoelemewa, Hazina iliingia kuishika mkono, na Hazina ni sukari yake, sabuni yake na mafuta yake ya taa.

Sasa tazameni mwaka wa 2013. Tarehe 5 Septemba Mahakama Kuu ilitoa amri katika shauri la kuifilisi IPTL. VIP ilikuwa imeuza hisa zake kwa kampuni iitwayo PAP kwa dola milioni 75, na amri ikasema mambo ya IPTL yakabidhiwe PAP. Mwezi wa Oktoba Wizara ya Nishati na Madini ikapatana na IPTL juu ya kuzitoa fedha za amana. Kabla mwaka haujaisha, fedha zikawa zimetoka Benki Kuu. Kiasi kilichotajwa Bungeni ni shilingi bilioni 306.

Na wakati huo, shauri la kujua ada ya haki ni ipi lilikuwa bado liko mbele ya wasuluhishi Washington! Halikuwa limeamuliwa. Mzee wa mtaa alifungua mkono wake huku wagomvi wakiwa bado barazani.

Uamuzi ulipokuja ulikuja upesi. Tarehe 12 Februari, 2014, wiki chache tu baada ya sanduku kubaki tupu, wasuluhishi wakasema ada ilikuwa imepigwa vibaya: zile fedha za wenye hisa zihesabiwe kuwa mkopo, si mtaji, na hesabu ipigwe upya. Yaani TANESCO haikuwa mlalamishi wa bure. Ada ilikuwa imezidi. Chenji ilikuwapo. Lakini tuliposhika karatasi ya kutuambia kwamba chenji ipo, mahali pa kuitoa hapakuwa na kitu.

Simameni hapo kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapopita mbio kwenda kwenye majina ya watu. Kama ingesubiriwa miezi michache tu, mambo yangekuwa vipi? Hesabu ingepigwa upya, IPTL ingepewa haki yake, mamlaka ya kodi ingepewa yake, na kilichozidi kingerudi TANESCO bila mtu kumwomba mtu. Hakuna aliyekuwa akifa kwa njaa. Fedha zilikuwa Benki Kuu, haziozi. Haraka ile ilikuwa ya nani? Nimeuliza katika mikutano mingi, na mpaka leo sijapata mtu wa kunijibu kwa hesabu. Hunijibu kwa vifungu.

Nami sisemi kwamba IPTL haikuwa ikidai kitu. Ilikuwa ikidai, na hapa ndipo uchungu unapozidi. Deni la ujenzi wa mitambo lilikuwa limenunuliwa mwaka wa 2005 na benki ya Standard Chartered ya Hong Kong. Benki hiyo ndiyo iliyokuwa Washington ikidai ilipwe. Septemba 2016 wasuluhishi wakaiamuru TANESCO kuilipa benki hiyo dola milioni 148.4. TANESCO ikaomba uamuzi ufutwe, na mwaka wa 2018 ombi likakataliwa. Tazama sasa: fedha zilizowekwa pembeni kwa ajili ya ada ya mtambo ule ule zilikwenda kwa mmoja, kisha ikaja amri ya kumlipa mwingine kwa ajili ya mtambo ule ule. Mtu hununua ng'ombe mmoja akalipa mara mbili, na bado chenji ya malipo ya kwanza hajarudishiwa.

Tuliambiwa tusiwe na wasiwasi. Waliopokea fedha walikuwa wametoa hati ya ahadi kwamba likitokea dai lolote baadaye, wao ndio watakaolibeba. Ahadi ya karatasi kwa mabilioni yaliyokwisha ondoka! Mwuza vitumbua sokoni hakopeshi vitumbua kumi kwa ahadi kama hiyo. Mshika amana mwenye akili hubaki na fedha, akampa mwenye kudai karatasi. Hapa walifanya kinyume: wakatoa fedha, wakabaki na karatasi.

Kodi nayo ilikuwa na hadithi yake. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilisema kodi ya ongezeko la thamani iliyokuwa ndani ya fedha zile haikukatwa kabla hazijatoka. Yule kinyozi wa Manzese hukatwa kodi ile ile ndani ya luku yake ya elfu mbili kabla hajawasha mashine. Hakuna mwanasheria anayemwandikia barua ya kumsamehe.

Yaliyofuata mnayajua, nami nitayapita haraka. David Kafulila alilisimamisha jambo Bungeni mwaka wa 2014, akatukanwa. Mkaguzi Mkuu akachunguza. Zitto Kabwe akaisoma taarifa ya kamati yake mwezi wa Novemba, na Bunge likapitisha maazimio. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu Desemba, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri, Profesa Sospeter Muhongo akajiuzulu Januari 2015. Mwaka wa 2017 wakuu wa PAP na VIP wakafikishwa mahakamani. Mwaka wa 2021 Harbinder Singh Sethi wa PAP akakiri kosa, akaamriwa kulipa shilingi bilioni 26.9, na James Rugemalira wa VIP akaachiwa baada ya mashitaka kuondolewa. Mahakama imefanya kazi yake, wala mimi simhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu.

Lakini angalieni: mahakama ya jinai huuliza nani ametenda kosa. Haiulizi chenji ya mnunuzi ni kiasi gani. Bunge nalo liliuliza nani awajibike. Swali la chenji likabaki yatima. Bilioni 26.9 ukiziweka kando ya bilioni 306 hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Na hata hizo, nani amemwona mteja wa luku akipunguziwa senti kwa ajili yake?

Kuna aibu nyingine ambayo sisi wazalendo hatupendi kuisema kwa sauti. Oktoba 2014, wafadhili wa nje walizuia karibu dola milioni 490 za kusaidia bajeti yetu mpaka jambo la Escrow lieleweke. Basi mgeni ndiye aliyetushika masikio. Nchi huru, yenye Bunge lake, yenye mkaguzi wake, yenye wanachama wa vyama mamilioni, ikangoja mtu wa mbali ayaulize mambo ya jikoni mwake. Na msidhani mgeni aliuliza kwa ajili ya kinyozi. Aliuliza kwa ajili ya fedha zake.

Sasa nayasikia majibu ya mabwana wenye tai. La kwanza wasema: mahakama iliamuru. Nimekwisha sema amri ilikuwa ya kukabidhi mambo ya IPTL. Ikiwa mambo ya IPTL yalikabidhiwa, basi na ugomvi wake ulikabidhiwa pamoja nayo. Anayenunua shamba lenye kesi hununua na kesi. Hapati shamba peke yake huku kesi ikiachiwa jirani.

La pili wasema: mambo haya ni ya kitaalamu mno, mwananchi wa kawaida hawezi kuyafuata. Nimefundishwa katika chuo cha ualimu kwamba mwalimu asemaye "hamwezi kuelewa" ni mwalimu ambaye hakuandaa somo. Nimelieleza jambo hili mbele ya wavuvi na mbele ya mama lishe, kwa mfano wa lori na wa mzee wa mtaa. Walielewa kabla sijamaliza, na maswali yao yalinitoa jasho. Mvuvi mmoja aliniuliza: "Na riba ya fedha zilipokaa Benki Kuu miaka yote ile, nayo ilikuwa ya nani?" Wataalamu wangapi waliuliza hilo hadharani?

La tatu ni zito zaidi, tena hutoka ndani ya safu zetu wenyewe. Ndugu wengine wasema: hata kama chenji ingerudi, ungemrudishiaje kila mtu? Luku ni mamilioni, wengine wamehama, wengine wamekufa. Afadhali iingie Hazina ijenge madarasa.

Hili lina jibu, na halihitaji ubunifu, kwa maana limefanyika kwingine. Kule Marekani kampuni ya mafuta ya Exxon iliuza mafuta ya kisima cha Hawkins, huko Texas, kwa bei iliyozidi bei halali ya Serikali, kati ya mwaka wa 1975 na 1981. Mwaka wa 1983 mahakama ikaiamuru irudishe. Kampuni ikakata rufaa mpaka juu kabisa, ikashindwa mwanzoni mwa 1986, na pamoja na riba ikalipa kama dola bilioni 2.1. Swali likawa lile lile la ndugu zetu: nani atamtafuta kila mtu aliyenunua galoni moja miaka kumi iliyopita? Hawakusema basi, fedha zipotee katika mfuko mkuu. Ziligawiwa kwa majimbo kwa kufuata matumizi ya mafuta ya kila jimbo, na zikafungwa kwa sheria: zitumike katika mipango mitano tu ya nishati, kama kuziba nyumba za maskini zisivujishe joto, kusaidia wenye kipato kidogo kulipia nishati, na kupunguza matumizi katika shule na hospitali. Aliyetozwa zaidi kwa nishati akarudishiwa kwa nishati.

Siisifu Marekani. Wana mambo yao mengi, na mabepari wao ni baba wa mabepari. Lakini hata bepari akijua kuhesabu, tuichukue hesabu, tumwachie ubepari wake.

Kwa hiyo nampinga ndugu anayetaka ziada iende Hazina bila jina. Si kwamba madarasa ni mabaya. Mimi ni mwalimu, nayataka kuliko yeye. Ila fedha ikiingia Hazina bila jina hutoka bila jina. Mwaka ujao mtaambiwa bei ya umeme ipande kwa sababu TANESCO ina hasara, na hasara hiyo ni ile ile chenji iliyokwenda kujenga kitu kingine. Ziada ya umeme irudi kwenye umeme. Sehemu ishushe bei ya uniti kwa mteja mdogo, hiyo ni ya kinyozi. Sehemu ivute nguzo na waya vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, hiyo ni ya mkulima aliyechangia kupitia Hazina bila kuwasha taa hata siku moja. Mgao uwe nusu kwa nusu au vinginevyo, hapo tunaweza kubishana kwa heshima. Kitu kisichobishaniwa ni kwamba mgao uandikwe katika mapatano yenyewe, kabla fedha haijaingia, kabla majina ya wapokeaji hayajajulikana.

Hapo ndipo pabovu katika mapatano yetu. Hushughulikia sana nini kitamkuta mwekezaji akicheleweshewa malipo. Riba yake imeandikwa, tarehe yake imeandikwa, mahakama yake ya ng'ambo imeandikwa. Lakini siku itakapoonekana kwamba sisi ndio tumelipa zaidi, chenji irudi kwa njia gani, kwa siku ngapi, mkononi mwa nani? Hapo kalamu hukauka.

Na msiniambie hayo ni ya zamani. Leseni ya IPTL haikuongezwa, na tangu 2017 mitambo ya Tegeta imekaa kimya, hilo ni kweli. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, hilo nalo ni kweli na ni fahari yetu. Lakini mkataba wa Songas ulikwisha Oktoba 2024, na kila mkataba unapokwisha huwa na hesabu ya kufunga: nani anamdai nani, nini kilizidi, nini kilipungua. Mikataba mingine itakuja, ya gesi, ya jua, ya upepo. Kila mmoja utakuwa na ugomvi wake, kila ugomvi utakuwa na mapatano yake, na katika kila mapatano kutakuwa na fedha zimekaa mahali zikingoja mwenyewe.

Basi kazi ya matawi ni hii. Bunge liliazimia mwaka wa 2014 kwamba mikataba ya umeme ipitiwe. Mwulizeni mbunge wenu, kwa barua yenye tarehe na sahihi ya katibu, kama aliona matokeo ya mapitio hayo, na kama hakuyaona, alifanya nini. Mwambieni tunataka sheria isemayo kwamba hakuna senti ya amana ya nishati itakayotoka kabla Mkaguzi Mkuu hajatia sahihi hesabu ya ziada, na kwamba hesabu hiyo itangazwe kwa Kiswahili katika magazeti na kubandikwa katika kila ofisi ya TANESCO ya wilaya. Waulizeni wote wanaokuja kuomba kura zenu, wa chama chetu wakiwa wa kwanza. Atakayejibu kwa hesabu, andikeni jibu lake katika kitabu cha tawi. Atakayejibu kwamba mikataba ya umeme ni siri, mwulizeni ni siri kwa nani, maana mwekezaji wa ng'ambo anayo nakala yake, wanasheria wake wanayo, benki yake inayo, na wasuluhishi wa Washington wameisoma.